Penalti ya Mwajuma

Jumatano, 6 Mei
Nimekimbia asubuhi kama kawaida, kisha cherehani mpaka alasiri. Magauni mawili ya harusi, zipu moja iliyokataa. Espérance kapiga simu. Yeye ndiye refa wa kati Jumamosi, kombe la taifa la wanawake, na mshika bendera wake kalala na malaria. Anataka mimi. Timu ya hapa Buyenzi dhidi ya wageni wa Rumonge. Nimemwambia naishi Buyenzi, wateja wangu wote ni Buyenzi. Akauliza waamuzi wanawake tuko wangapi mjini. Kombe lenyewe ni msimu wa pili tu, tukianza kuchagua mechi litakufa. Nimekubali. Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 7 Mei
Kwenye ligi sare humwokoa mwamuzi, watu wananung'unika na kwenda zao. Kombe halina sare. Lazima mmoja atoke, na anayetoka hutafuta wa kumlaumu. Jirani yangu Mama Mwajuma, ambaye binti yake ndiye kipa wa hapa, kanikuta bombani. Kacheka: "We ni mutoto wa hapa, tunajua utatuangalia muzuri." Ndoo ikajaa, ikamwagika.

Ijumaa, 8 Mei
Naogopa. Basi.

Jumamosi, 9 Mei
Timu ya hapa iligoma kupita getini. Kuna aliyemwona mama mmoja wa Rumonge akimwaga maji pale, basi ikawa dawa. Nilimwona kwa macho yangu, alikuwa anamwosha mtoto miguu. Nani wa kusikia! "Apana, mi sipite pale," Mwajuma kasema, na wote wakaruka ukuta. Akatua vibaya. Kifundo kikavimba palepale. Kipa wa akiba hawana. Wakamfunga kitambaa, akaingia hivyo hivyo.

Bao moja kwa moja mpaka mwisho. Penalti. Nikasimama kwenye mstari wa goli, mashabiki nyuma yangu wakiniita kwa jina la nyumbani.

Penalti ya tano ya Rumonge. Mwajuma akiidaka, tumeshinda. Ona, nimeandika "tumeshinda". Mguu mbovu haukuweza kumrusha, kwa hiyo akatoka mapema. Miguu yote miwili mbele ya mstari, mpira haujapigwa bado, na sheria inataka walau mmoja ubaki. Akaudaka. Watu wakaanza kukumbatiana.

Nilifikiria kuiacha. Kweli nilifikiria. Nikainua bendera.

Ikarudiwa, ikaingia. Iliyofuata ya kwetu ikapaa juu, yao ikaingia. Tumetoka.

Polisi walitupitisha nyuma. Mtu alipiga kelele kwamba nyumbani kwangu wanapajua. Bila shaka wanapajua, nimewashonea mapazia.

Jumapili, 10 Mei
Jiwe juu ya bati, mchana kweupe. Mama yangu anataka nihamie kwa shangazi, mtaa wa Kibenga, mpaka watu wapoe. Nikienda, cherehani itavunjwa, na kurudi sitaweza tena. Nikibaki, sijui. Bombani wamenipisha foleni nzima ili wasisimame nami. Hakuna aliyenisalimia. Afadhali wangenitukana. Ningejua wamefika wapi.

Jumatatu, 11 Mei
Nimefungua duka, mlango nusu.

Mwajuma amekuja akichechemea, bandeji mpaka kwenye shavu la mguu. Nilidhani yuko na watu. Nikashika mkasi, aibu yangu. Alikuwa peke yake.

"Miguu, yote mbili?" kauliza.

"Yote mbili."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta benchi, akaliweka nje mlangoni kwangu, akaniambia nitoke nikae, kuna hewa. Nikatoka na pindo la gauni mkononi. Tumekaa mpaka adhuhuri.

Kila aliyepita alisimama kumpa pole ya mguu. Na hapa kwetu huwezi kusalimia mmoja ukamruka aliyekaa naye benchi moja. Ikabidi wanisalimie na mimi. Wengine waliangalia chini, lakini walisalimia. Mwajuma alikuwa anajua. Alipoona barabara imetulia na mimi nataka kuingia ndani, alinishika kanga.

Karibu na adhana mama yake akapita na kapu lake. Akasimama. Akatuangalia wote wawili, sana. Akasema: "Salaam aleikum."

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini nimeitikia.