Jina la Papa Kwenye Karatasi ya Gereza

Bukavu, Alhamisi 14 Machi 1974. Asubuhi: ukungu juu ya ziwa, mvua nyepesi mpaka saa tatu.

Dada yangu mkubwa Monique,

Karani wa posta atasoma jina lako jipya la serikali juu ya bahasha. Humu ndani utabaki Monique. Nakusalimu sana katika Bwana. Natumaini wewe, shemeji Emile na watoto mko wazima huko Lwiro, na mguu wako umepona. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaochemka, nami nimeketi kukuandikia kabla sijamtukana mtu.

Unajua kwamba kila Alhamisi, nikitoka kufundisha, mimi na Maman Euphrasie tunakwenda gerezani kusoma Biblia na wafungwa. Wako kumi na tisa, Biblia ni tatu. Mmoja wao ni Kitoga, mchimbaji wa Mwenga, aliyefungwa mwaka mmoja kwa kukutwa na punje za dhahabu bila kibali. Aliingia hajui kusoma. Sasa ndiye anayewasomea wengine. Mchungaji Gaston alimbatiza tarehe 23 Desemba ndani ya pipa la mafuta, akapewa jina la Cyprien.

Kifungo chake kiliisha tarehe 10 Januari. Hakuna aliyemfungulia. Tarehe 17 nilimwandikia mwendesha mashtaka, pale ofisini kwake parquet, nikiuliza kwa nini mtu aliyemaliza adhabu bado analala juu ya sementi. Tarehe 28 Februari amri ya kumwachilia ikafika, na muhuri wake. Tuliimba siku ile. Na leo bado yuko ndani!

Karani wa gereza anasema kwamba kitabu chake kina Kitoga, lakini amri inamtaja Cyprien Kitoga. Tena serikali imekataza majina ya ubatizo tangu miaka miwili, basi karatasi hiyo si halali. Leo nilimwendea mara ya tatu. Nilimwuliza kama ana akina Kitoga wawili. Akanijibu bila kuinua macho, akiniita raia kwa Kifaransa: “Citoyenne, miye nafuata karatasi tu. Hapa Cyprien haiko.” Na shati alilovaa, Kitoga ndiye aliyelifua na kulipiga pasi jana, kama anavyofua nguo za nyumba yake yote. Atamwachiliaje dobi wa bure? Karani huyuhuyu mke wake anamwita Marcellin kwa sauti kubwa kanisani, benchi la pili. Nilimkumbusha hilo. Akacheka, akasema kanisa si ofisi.

Jumatatu lori litawachukua wafungwa thelathini kwenda kulima shamba la gereza, mbali sana, na Kitoga yuko kwenye orodha. Kwa orodha ile jina moja linatosha! Mke wa Kitoga ametembea siku tano kutoka Mwenga, mtoto mgongoni, na sasa analala kwa Maman Euphrasie huko Kadutu. Kila jioni ananiuliza kama ni kesho.

Leo kwenye somo gerezani Mchungaji Gaston alituambia tuvumilie, kwa maana hata Paulo na Sila walifungwa. Nilimjibu kwamba Paulo na Sila walilala humo usiku mmoja. Muzee Barthélemy, mfungwa wa zamani kuliko wote, akadakia: “Maman, tusomee tena pale pa tetemeko la nchi, lakini polepole, tupate kushika viatu.” Wote wakaangua kicheko, hata mlinzi. Mimi sikuweza. Kisha Kitoga akafunga kwa sala. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu aliyemwandikia barua nzuri, akaomba karani asamehewe na hasira yangu ipoe. Amina haikunitoka mdomoni.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya tarehe 17 Kitoga alinisihi niandike Kitoga tu. Alisema Cyprien ni jina la kuitwa na Mungu, parquet hawalijui. Nilimwitikia. Nilipofika nyumbani nikaliandika Cyprien, kwa herufi kubwa.

Ni mimi niliyemchagulia jina hilo, nawe umekwisha kuelewa kwa nini. Unakumbuka cheti cha kifo cha Papa. Miaka sitini na mmoja baba yetu aliitwa Cyprien, nao watu wa serikali wakamzika kwa jina ambalo hata Maman mkewe hakulijua. Nilitaka kuliona mara moja tena kwenye karatasi ya serikali, chini ya muhuri. Nimeliona. Mtu mzima analipa kwa ajili ya macho yangu, na wiki mbili hizi nimemlaani karani mbele ya watu wote. Karani ni mwovu, silifuti neno hilo. Lakini ufunguo nilimpa mimi.

Barua mpya iko tayari. Nimeandika kwamba kosa ni langu, mwalimu Cibalonza, na jina la shule yangu. Wakitaka kuniadhibu, wajue mahali pa kunipata. Kesho saa moja na nusu nitakuwa mlangoni pa parquet. Mke wake nitakwenda naye, na njiani nitamwambia ukweli. Ndani ya barua mfungwa anaitwa Kitoga, peke yake.

Uniombee. Wasalimu shemeji na watoto, na ukipita kaburini, mwite Papa kwa jina lake, kwa sauti.

Mdogo wako,
Adolphine Cibalonza

Saa nne na dakika kumi usiku. Nazima taa, nalala.