Meno Mapya ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri Mama Josepha, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana siku hiyo mahindi yetu yote yanaingia ghalani. Kwetu anayeamua kama yamekauka ni mama mkwe, anatia punje mdomoni anaing'ata, ikilia ka! imekauka, ikibonyea yanarudi juani, na hakuwahi kukosea, hata majirani nao wakawa wanamwita, lakini mwaka juzi alienda Nzega akawekewa meno ya bandia, na mimi ndiye ninayeyaosha kwa hiyo najua yanacheza, sasa akitia punje anaisukuma shavuni, meno yanagongana yenyewe, ka! watu wanaitikia yamekauka, mimi naokota punje aliyoitema, nzima, haina hata alama. Mwaka jana mahindi yalivunda tukala unga wa dukani, paa likapewa lawama, mume wangu akaezeka upya. Nikimdokeza ananijibu, "Mama ameshasema, wewe nani?" Nami mama nampenda, amenilea kama bintiye, siku hizi kabla ya kutamka ananitazama mimi kwanza, nami natazama chini kwa aibu. Niseme nionekane mkamwana jeuri, au ninyamaze watoto wale sumukuvu?

Dafrosa (si jina langu), Lusu

Marahaba, Dafrosa usiye Dafrosa. Pole, na pole zaidi kwa paa lililobebeshwa kosa la meno. Kwani wewe huna meno? Mumeo hana? Nyumba nzima ina magego imara, na mnamsubiri mtu ambaye yake yanalala kwenye glasi. Mnamwacha mama wa watu aigize mbele ya majirani kila mavuno, halafu mnaiita adabu.

Mumeo mwache kwanza, mtagombana bure. Tafuta chupa ya soda iliyokauka vizuri, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, itikiswe dakika chache, kisha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Ikibaki chini, ingizeni. Ila usitikise wewe. Mpelekee mama jikoni leo, mkiwa wawili, umwombe atikise yeye na hukumu aitoe yeye kama zamani. Majirani wataambiwa mama amepata njia mpya, na itakuwa kweli.

Unaogopa atakasirika. Hebu rudia kusoma ulichoandika mwenyewe: kabla ya kutamka anakutazama wewe. Anajua fika nani anaokota zile punje. Mwanangu, mama anakuomba msaada tangu mwaka jana, na wewe unatazama chini.