Nilipeleka two-stroke kwa ngamia

Isiolo, Alhamisi jioni. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, macho yananiwasha, na mimi nimekaa hapa mlangoni kama mtu amepigwa kofi.

Bado sijaamini!

Wacha nianze mwanzo ndio nitulie. Akina mama wa maziwa ya ngamia hapa mtaani wanataka pikipiki ya kikundi. Ya kutoa maziwa malishoni, upande wa Gotu, hadi hapa mjini kabla basi la Nairobi liondoke. Njia ya huko si barabara. Ni mawe, ni mchanga, ni laga, hiyo mito kavu inameza gurudumu ukicheza. Fundi Mwenda ana pikipiki mbili za porini, moja two-stroke, ingine four-stroke. Akawaambia jaribuni zote, siku moja moja, mchague. Mwenyekiti wao, Mama Tume, akanigeukia.

"Wewe msichana ndiye umejifunza pikipiki kwa simu. Nenda na hii, kesho nenda na hii, halafu utuambie. Ukituchagulia vizuri, dereva ni wewe."

Dereva ni mimi! Tangu nimalize shule sijawahi kuwa na kazi yenye ina jina.

Na wewe shajara siwezi kukudanganya. Nilikuwa nimeshachagua kabla nipande. Two-stroke. Nimeangalia video zake mpaka simu inapata moto. Ni ile unachanganya oil na petroli kwa tangi moja, inatoa moshi wa bluu, inalia kama imetukanwa.

Jana nikaipiga teke moja tu, ikaamka.

Ngai! Hiyo kitu ni nyepesi unaiinua mbele na mkono. Ukivuta mafuta kidogo inajifanya imelala. Ongeza kidogo, bado imelala. Halafu inafika mahali, sijui ni wapi, inaamka yote mara moja na roho yako inabaki nyuma. Laga nilivuka kama hakuna mchanga. Nilikuwa napiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Nikasema haya, kesi imekwisha, hiyo ingine ya nini?

Sasa sikia.

Ngamia hakamuliwi hivi hivi. Ndama ananyonya kwanza, mama anaachilia maziwa, na hapo watu wawili wanakamua haraka, mmoja huku, mmoja huku, wamesimama mguu mmoja, chombo kwa goti. Inachukua muda mfupi tu. Ikipita, imepita.

Mimi nikafika katikati ya hiyo kitu. Gia ya chini, mafuta yote, nikipiga raundi moja ya maringo ndio wanione.

Ngamia wote waliinua shingo pamoja. Halafu hapakuwa na ngamia.

Kulikuwa na vumbi, na Guyo, mchungaji wa Mama Tume, bado amesimama mguu mmoja, chombo kwa goti, anakamua hewa.

"Zima! Zima hiyo nyuki yako!" Alinifokea mpaka kilemba kikaanguka. "Umetumwa kubeba maziwa ama kuyafukuza?"

Waliwarudisha mmoja mmoja. Wakaleta ndama, wakaimba ule wimbo wao wa kubembeleza. Hakuna kitu. Guyo akaniambia bila kuniangalia: "Wamefunga maziwa. Wewe ukishtuliwa hivyo utaweza kula?"

Nikarudi na mtungi hata nusu haujafika. Mama Tume akauinua, akautikisa kwa sikio.

"Salaam aleikum, dereva. Hii ni ya Nairobi, ama ni ya chai yako?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Basi likaenda bila maziwa yetu, na wateja wake huko walikuwa wanangoja.

Nilikasirikia kila mtu. Ngamia washamba! Guyo mwenye anaongea sana!

Leo asubuhi nikachukua four-stroke, ile oil yake inakaa kando na petroli. Na hapa ndipo naona aibu hata kuandika: nilitaka ifeli.

Ilinisaidia kidogo. Ni nzito kama ng'ombe amekataa kuamka. Inaenda du-du-du, haina haraka na mtu. Ndani ya laga ikazama, nikaanguka, ikanilalia mguu, suruali imeungua na ekzosi hapa kwa goti. Nilisukuma huku nikifurahi. Nikasema nikifika nimechelewa, maneno yameisha.

Nilifika bado wanakamua. Nikasimama pale karibu kabisa na, shajara, nikavuta mafuta makusudi. Sana.

Hakuna ngamia aligeuka.

Hakuna hata mmoja! Nikavuta tena. Jike mmoja mkubwa akakuja polepole akinusa kioo cha pembeni, akaacha mate kwa kiti. Povu lilikuwa linapanda kwa chombo cha Guyo mpaka anacheka.

"Leo umekuja na adabu," aliniambia. Hakujua.

Nilirudi na mitungi mbili imejaa pomoni. Pale kwa mteremko wa mawe, jana two-stroke niliachilia mafuta nikidhani itajishika, ikakimbia tu kama baiskeli, breki mpaka zikanuka. Leo niliachilia, injini yenyewe ikanishikilia kiuno hadi chini. Maziwa hayakumwagika. Kondakta alikuwa anafunga buti ya basi nilipoingia nikipiga honi.

Akina mama wakanizunguka. Mama Tume akaweka mikono kiunoni.

"Haya. Ni gani?"

Nilikuwa na jibu tayari, nimelipanga njia nzima. Two-stroke, lakini naiacha mbali, nyuma ya laga, natembea mpaka kwa ngamia. Inawezekana. Na mitungi mbili zimejaa nitazibeba na nini kurudi? Hapo nilikuwa sijapanga. Lakini ningewaambia tu, na wangeniamini, wao hawajawahi kupanda hata moja.

"Four-stroke," nikaskia.

Nikageuka kuangalia nani amesema. Kumbe ni mimi.

"Na ile ingine?" Mama Tume akanikazia macho. "Si unaiota?"

"Naiota bado, Mama."

"Basi iote ukiwa umekalia hii." Akanitupia funguo, na safari hii alicheka pamoja na wao.

Alfajiri niko njiani Gotu tena, mimi, dereva wa kikundi, nina funguo mfukoni. Nimepata kile nilitaka. Sasa mbona jioni hii, kuja nyumbani, nimezunguka njia ya nyuma yote ili nisipite kwa Fundi Mwenda nikaiona ile two-stroke imesimama pale nje?