Kituo Kinachofanya Kazi Saa Ishirini na Nne

Jumanne, 6 Februari

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa nyumba hii — yaani mimi, Tekla na kuku — kwamba kifungo cha tumboni cha shati la kaki la Kamanda wa Sungusungu wa Ibambo kimeaga dunia asubuhi hii, muda mfupi baada ya uji na viazi vitamu. Chanzo cha kifo kinafahamika. Mwili haujapatikana. Kuku mwekundu anashikiliwa kwa mahojiano.

Kamanda ndiye mimi, Anselm. Filimbi shingoni, kitambi mbele, goti la kulia bovu. Walinichagua kwa sauti, si kwa mbio. Tekla anasema nifurahi, angalau mwaka huu kuna kitu kimenitoroka kikiwa karibu. Mke huyu!

Sasa habari yenyewe. Redioni kipindi cha maswali bungeni. Mbunge wetu kasimama! Tukanyamaza, hata kijiko hakikulia. Kauliza ni lini Serikali itamalizia kituo cha polisi cha Ibambo. Naibu Waziri wa Mambo ya Ndani kajibu, sauti tamu kabisa: kituo hicho kilikamilika Desemba na kinahudumia wananchi saa ishirini na nne.

Nikatoka nje kuangalia. Kinaonekana kutoka mlangoni kwangu. Kuta zile zile, matofali yetu tuliyochoma wenyewe, zimefika kwenye linta. Juu ya linta — mbingu. Ndani mbuzi wawili wa Kabula. Labda ndio zamu ya asubuhi.

Narudi ndani, Mbunge anamshukuru Naibu Waziri kwa majibu mazuri! Mazuri! Ana maswali mawili ya nyongeza. La kwanza likarukia mambo ya mafunzo ya mgambo. La pili sikulisikia. Tekla alikuwa anacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 7 Februari

Kabula kaja asubuhi. Ni jirani yetu, mjane. Maksai wake wawili wa kulimia waliibwa mwezi uliopita. Tulifuata nyayo porini kuelekea Usinge — vijana wakifuata nyayo, mimi nikiwafuata vijana — mpaka mvua ikazifuta. Polisi wa karibu wako mbali, barabara tope tupu. Mpaka leo hakuna askari aliyeandika kwamba Kabula aliwahi kuwa na ng'ombe. Mwaka huu analima kwa jembe la mkono. Shamba lake limekuwa kama kitanda.

"Mwangaluka, Kamanda. Redio imesema Desemba?"

Imesema.

"Wangu waliibwa Januari."

Ndiyo.

"Basi waliibwa polisi wakitazama. Au hawakuibwa kabisa. Nichagulie."

Hakungoja jibu. Kachukua jembe lake, kaenda shambani.

Ijumaa, 9 Februari

Nimemfuata Godbless ofisini kwake. Mtendaji wa kata, kijana wa watu, katoka Kilimanjaro, hajazoea bado mbu wetu. Nilikwenda na hasira, nikapewa soda, hasira ikapungua. Ndivyo nilivyo. Soda baridi inanimaliza.

Kaapa hajadanganya mtu. Yeye alipigiwa simu akasema kimefika linta. Wa juu yake akasema kinakaribia kuezekwa. Wa juu ya huyo akasema kimeezekwa. "Mzee wangu, mpaka kinafika Dodoma kilishakuwa na askari."

Nikamwambia basi wapigie tena, tushuke ngazi ile ile. Kanitazama kama mtu niliyemwambia ashuke mnazi kichwa chini.

Jumatatu, 19 Februari

Mambo! Godbless kaja kwa pikipiki, jasho mpaka kwenye kola. Naibu Waziri anakwenda Mpanda, Jumamosi atapita Ibambo kuzindua kituo. Kuzindua!

Anataka sungusungu tukiezeke kabla. Upande wa mbele tu. Nyuma tutupie maturubai ya tumbaku. Mheshimiwa atakata utepe nje, hatazunguka. Miti ya kenchi ipo, bati tutaazima za kanisa la Wamoravian, Jumapili tunazirudisha. (Sisi Wakatoliki tusingefaa. Bado tunachangishana misumari.)

Nikasema huo ni uongo. Kasema, "Mzee wangu, siombi uongo. Naomba bati."

Na mimi, kidume, kamanda — nikajibu "tutaona". Godbless kaondoka anashukuru. Hapa kwetu mtu mnene akisema tutaona amekwisha kukubali.

Tekla hakucheka. Hiyo ni mbaya zaidi.

Jumatano, 21 Februari

Tekla anaweka ugali mezani kwa kishindo. Kifungo kipya kimeshonwa shatini kwa uzi mweusi, kwa hasira, hakitoki hiki.

Alhamisi, 22 Februari

Bati zimekuja mchana kwa tela la trekta. Mafundi wakapanda, wakasimamisha kenchi za mbele, bati la kwanza likakaa. Lilikuwa linang'aa. Nasema kweli, lilipendeza. Mwaka wa tatu huu tunangoja kuona bati pale.

Ndipo Kabula akaja na kigoda chake. Kafukuza mbuzi, kaketi katikati ya chumba, pale ambapo kwenye ramani pameandikwa mapokezi. Mafundi wakasimamisha nyundo. Godbless kamwomba kwa heshima, mama tafadhali. Hakumtazama. Kanitazama mimi.

"Baba Advera," — hakuniita Kamanda leo — "bati likifika pale mwisho, kesi yangu imekwisha. Kituo kilikuwepo, polisi walikuwepo, Kabula ni mwongo. Hilo tu nataka ulijue, halafu wapige."

Nikapuliza filimbi.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Na si mluzi wa kuita watoto — mwano. Mwano ukilia, kila mwenye masikio anaacha jembe, anakuja. Asiyekuja hasalimiwi, haombwi wala hapewi moto, mpaka kijiji kimsamehe. Kwa hiyo walikuja! Kutoka mashambani, kutoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, pinde, mikuki, marungu. Mmoja wao, Raymundi, kaja na povu la sabuni masikioni na taulo analishikilia kwa mkono mmoja.

"Mwizi yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole juu. Kwenye bati.

Nikawaza sasa watanipiga mimi. Mwano wa uongo adhabu yake naijua, niliitunga mwenyewe.

Mzee Lugembe, mkubwa wetu sote kwenye sungusungu, kaliangalia bati, kamwangalia Kabula kwenye kigoda, karudi kwenye bati. Kauliza kwa Kinyamwezi hilo ni letu? Nikasema ni la Wamoravian, la kuazima, mpaka Jumapili. Kasema, "Basi lishuke. Huyu mgeni ataona tulichonacho."

Lilishushwa polepole kama mgonjwa. Halikukunjwa hata pembe. La watu lile.

Godbless alikuwa amekaa kwenye tela. "Mzee wangu, unaniua."

"Mwanangu, hufi. Utalowa tu."

Jioni Tekla kanipa paja la kuku. Mwekundu. Hakupatikana na kifungo.

Jumamosi, 24 Februari

Kilabuni habari imeshakomaa. Eti nilimkabili Naibu Waziri uso kwa uso, nikamwambia redio ina paa lakini kituo hakina. Eti magari yaligeuza kwa aibu. Wamenitumia hata kibuyu cha pombe ya kunipongeza. Nimekipokea. Lakini hapa hanisomi mtu, niandike ilivyokuwa.

Magari yalifika saa nane, mawingu yakiwa meusi tayari. Hotuba nilikuwa nayo kichwani tangu alfajiri. Mheshimiwa kashuka, umri wa binti yangu Advera hivi, kanyoosha mkono. Nami nikasema:

"Shikamoo."

Mimi! Nina mvi! Naye kachanganyikiwa, kajibu marahaba, kisha kajirekebisha, kaniamkia, nikaitikia. Hotuba ikapotea hapo hapo. Ndiyo ushujaa wangu wote wa leo.

Utepe ulikuwa umefungwa mlangoni. Mvua ikaanza. Wageni wakapita chini ya utepe, wakakimbilia ndani, kama mtu yeyote anavyokimbilia ndani mvua ikinyesha. Wakakuta mvua iko ndani pia. Wakatazama juu, wote, na tai zao.

Na Kabula kwenye kigoda.

"Karibu kituoni, Mheshimiwa. Nimekuja kuandikisha ng'ombe wangu."

Mtu kafungua mwavuli. Mheshimiwa kausukuma pembeni. Kamuuliza Godbless kituo hiki kilikamilika lini. Nilitegemea Godbless atasema kinakaribia. Kijana kajibu: "Hakijakamilika, Mheshimiwa. Nilisema linta." Sauti ilitoka. Yangu haikutoka.

Mheshimiwa kasimama palepale, maji yanashuka shingoni. Kisha kasema, "Nimeona." Si "tutalifanyia kazi", si "kadri fedha zitakavyopatikana". Nimeona, basi. Msaidizi kanong'ona kwamba mto utakata barabara. Wakaondoka. Utepe haujakatwa.

Sijui "nimeona" inamaanisha nini. Ofisa mmoja wa wilayani aliyekuwa kwenye msafara kanipigia jioni hii: Jumatatu nifike, na filimbi yangu, nieleze nani aliniruhusu kukusanya watu dhidi ya mradi wa Serikali. Nimesema nitafika. Soda yao nitakunywa. Hasira safari hii naiweka mbali na soda.

Sasa saa kumi na mbili. Mvua haijakatika. Kabula hajaondoka. Tekla kampelekea khanga kavu, kamsihi, kajibiwa: "Redio imesema saa ishirini na nne. Namngoja askari wa zamu."

Nimechungulia mlangoni. Yuko palepale katikati ya chumba. Pembeni yake Godbless kakalia tofali, hana mwavuli, shati limemganda mgongoni.

Tekla anauliza nachukua mwavuli au filimbi.

Natafuta kigoda.