Volan Niliyohamisha

Mujukuu wangu Espérance,

Jambo sana huko Kalemie. Hapa Musonoi tuko salama. Dada yako amezaa mutoto mwanaume.

Unauliza namna gani nilihamisha volan, ule usukani, ya gari yangu ya Japani kutoka kuume kwenda kushoto, hapa mu parsele, uani kwetu, upate kuhamisha ya gari yako. Hapa Kongo gari zinapita kuume kwa njia; volan ikiwa kuume pia, huoni mbele ya kamyo, ile lori unayotaka kupita. Marehemu muke wangu, nkambo yako mwanamuke, alikuwa anakaa kushoto, ananiangalilia njia. "Ngoja, tata." Kisha: "Pita." Sikupita bila neno lake.

Nilipomaliza ile kazi, nilimwambia, nikijisifu, kwamba sasa atapumzika. Safari iliyofuata akabaki nyumbani, na zingine zote.

Kazi nitakufundisha. Lakini mume wako, anayekuangalilia njia, muulize kwanza kama amechoka. Mi sikuuliza.

Nkambo yako