Kwa Nini Rukia Hakupanda Boti na Mjomba Kombo

Mabawa, Tanga
14 Machi 1987

Kwa mama yangu Bi Asha,

Shikamoo mama. Nakuamkia kama nikuamkiavyo siku zote nikifika kwako, viatu nimeviacha mlangoni na mikono yote miwili iko mbele. Kifua chako kinaendeleaje? Na ule mguu, umekubali kukanyaga? Shemeji yangu Hamad, ambaye najua ndiye anayekusomea, namwomba asome taratibu na asiruke mahali hata kama maneno yatamchoma. Sisi huku wazima. Rukia mzima, amerefuka, na jino lake la mbele linacheza. Kutwa analisukuma kwa ulimi.

Mama, nimeambiwa na mtu aliyetoka huko kwamba siku ile ulikwenda mwenyewe mpaka gatini Wete, na mguu wako huo, na kanga mpya ya mtoto umeishika mkononi, ukamwona Mjomba Kombo anashuka peke yake. Nimeambiwa hukumuuliza kitu. Uliikunja kanga ukarudi nyumbani. Tangu niliposikia hayo nimekuwa nikitafuta namna ya kukuandikia. Ndugu yako amekueleza kwa namna yake, na mimi nina wajibu wa kukueleza kwa namna yangu.

Ulipotuma maneno kwamba mtoto wa kike hawezi kulelewa na baba mwenye zamu na mwanamke wa kulipwa, na kwamba aletwe akae kwako, sikukasirika. Nilijiuliza hivyo hivyo mwenyewe. Wakati mwanao Mize yuko hai tulikuwa tunapishana. Mimi nikitoka kiwandani, yeye anaingia, na Rukia tunapeana pale getini king'ora kikilia. Mize alikuwa akinipa mtoto, halafu ananifuta vumbi la katani begani kwa ncha ya kanga, ndipo anamlaza kichwa hapo. Kila siku. Wenzetu walikuwa wakitutania, "Hawa wanakabidhiana zamu au mtoto?" Mama Tunu, huyo unayemwita wa kulipwa, alikuwa akimshika kwa saa chache tu, siku ambazo zamu zetu ziligongana.

Mize alipofariki, nikabaki sina wa kumpokeza. Nikahamia chumba hiki cha Mabawa kwa sababu kodi yake ni nafuu, lakini Rukia nikamwacha kwa Mama Tunu kulekule Chumbageni tulikokuwa tukikaa, kwa kuwa alishamzoea. Namlipa kila mwisho wa mwezi, mama, wala sioni aibu kusema hivyo. Namlipa kwa kazi yake. Ile tabia yake ya kumpulizia uji mpaka upoe, na kumfunika kwa kanga yake mwenyewe mvua ikinyesha, hiyo haimo katika mshahara. Anaitoa mwenyewe.

Shida ilikuwa kwangu. Siku hizi maduka yameanza kuwa na vitu. Sabuni ipo, sukari ipo, na nguo za mitumba zimejaa sokoni. Lakini ukiwa na mshahara wa kiwandani unavitazama tu. Nikawa nafanya zamu yangu na kipande cha zamu ya mwingine. Nilikuwa nikimfuata Rukia baada ya magharibi, mara nyingi amekwisha kulala. Namtia begani, tunakwenda. Asubuhi namrudisha macho hayajafunguka vizuri. Ikawa mwanangu namjua kwa uzito wake.

Halafu msimamizi wetu akaniita akasema wanataka kunipandisha niwe mkuu wa zamu, sehemu ya kusokota kamba. Saa zingeongezeka. Wiki hiyohiyo ndiyo Mjomba Kombo alifika na maneno yako. Jioni ile nikaenda kumchukua Rukia mapema kidogo ili aje amwone mjomba wa mama yake. Nikamkuta yuko macho. Mama Tunu akamwambia, "Haya, baba yako huyo kaja." Rukia akajificha nyuma yake, akashika nguo yake kwa mikono miwili. Akasema, "Mwambie aende kwanza. Nataka kulala hapa."

Mama Tunu alicheka kunisitiri, lakini mimi nilikwisha kusikia. Njiani nilimwambia tembea, wewe mkubwa sasa, akatembea nyuma yangu. Nilipofika nyumbani nikamwambia Mjomba, "Mchukue. Na mimi nitakubali kile cheo." Nilikata shauri hivyo.

Asubuhi ya safari Mama Tunu hakuwapo, alikwenda Pongwe kuzika. Na mtoto hawezi kupelekwa kwa bibi yake nywele timutimu. Ungesema hana mtu, na ungekuwa na haki. Nikatoa chanuo la Mize, lile la mti ulilompa wewe, lenye jino moja lililokatika. Nikaketi kizingitini, nikamweka Rukia katikati ya magoti yangu.

Nilianza kumchana kama tunavyochana katani, kutoka juu kwenda chini kwa nguvu moja. Akapiga ukelele. Mjomba Kombo yuko barazani na kahawa yake, akaniambia, "Faki, unachana mtoto au unapura mpunga?"

Nikaacha. Nikakumbuka Mize alivyokuwa akifanya. Maji kwanza, halafu mafuta, halafu anaanzia kwenye ncha, na mkono wa pili ameshika shina la nywele ili mvuto usifike kichwani. Nilikuwa nikimwona kila Alhamisi wala sikujua kwamba nilikuwa naangalia. Nikafanya hivyo. Rukia akatulia, kichwa akakilaza gotini kwangu. Na alipotulia akaanza kuzungumza. Mama, kumbe mtoto huyu ana maneno! Alinieleza kuku wa Mama Tunu wote kwa tabia zao. Alinieleza nani anamnyang'anya kitumbua na yeye anamfanya nini. Halafu akauliza:

"Kwa bibi nani atanibeba?"

"Hubebwi tena. Wewe mkubwa."

"Hata nikilala?"

"Ukilala utalala kitandani. Kwa nini juzi ulijificha nyuma ya Mama Tunu?"

"Nilitaka nilale kwanza."

"Ulale kwanza kwa nini?"

Akaniambia kama mtu anayemweleza mjinga, "Nikilala unanibeba. Nikiwa macho unaniambia tembea."

Mama, mkono wangu ulisimama na chanuo ndani yake. Nilimdhania hanitaki. Kumbe begani ndipo mahali pekee alipokuwa akinipata, na alishajua njia ya kufika.

Niliendelea kusuka kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nywele husukwa kwa mafungu matatu, mimi nilitia mawili nikayasokota kama kamba, ndiyo mikono yangu inayojua. Yalitoka misokoto mitano, hakuna unaofanana na mwenziwe, na mmoja umesimama wima kama pembe. Mjomba akautazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kwa misokoto hii," akasema, "tukifika Wete watafungia boti."

Nikamwambia, "Mjomba, hafiki Wete. Haendi."

Kicheko kikakatika. "Faki, dada yangu anamngoja. Nitamwambia nini?"

"Mwambie nitamwandikia."

"Na kazi?"

"Kazi nitaipanga."

Akamaliza kahawa yake. Halafu akasimama, akamshika Rukia ile pembe na kusema, "Basi angalau hii mfumue." Hakunigombeza, mama. Nakuomba usimlaumu.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwambia cheo sikitaki, nataka zamu ya alfajiri moja kwa moja, na zamu za watu sizifanyi tena. Akaniangalia. "Mpemba, una wazimu? Wenzako wanapunguzwa, wewe unapandishwa unakataa?" Nikamwambia nina mtoto. Akasema kila mtu ana mtoto. Nikamwambia ndiyo, lakini wa kwangu hana mtu mwingine wa kumpokea getini. Alinipa zamu niliyoomba, ila alinionya kwamba wakianza kupunguza tena, jina langu halitakuwa na wa kulitetea. Nimelikubali hilo. Kamba najua kusokota hata bila mashine. Nilijifunza kwa makumbi ya nazi, na nyinyi ndio mlionifundisha.

Sasa natoka mchana, na alasiri niko kwa Mama Tunu. Tumewekeana mapatano mimi na Rukia: anatembea, yuko macho, mpaka kwa fundi seremala, na kutoka pale namtia begani. Ananisimulia njia nzima. Akichoka kusimulia ananipiga kidogo kichwani niseme mimi.

Mama Tunu aliporudi kutoka Pongwe na kuikuta ile misokoto aliuliza, "Haya makamba nani kayafunga?" Nikasema mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu hakuifumua. "Yaache," akasema, "kasukwa na babake." Tangu siku hiyo kila Jumapili ananifundisha, na majirani wanapita makusudi kututazama. Mmoja aliniuliza lini nitaanza kusuka na wake zao. Waseme. Mstari wa mbele sasa unanyooka.

Mama, sisemi kwamba huna haki. Ulimpoteza mwanao akazikwa huku bila wewe kumwona, na sasa mimi nimekunyima mjukuu. Nalijua hilo, na sikupata namna ya kulifanya lisiume. Lakini sitamleta akae huko, na nimeona nikuambie waziwazi kuliko kukuahidiahidi. Nitamleta kukuona. Inshallah sikukuu ya mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, tutashuka Wete sote wawili, na hiyo kanga usimpe mtoto mwingine. Utamkagua kichwa mwenyewe. Ukikuta nimekosea, nionyeshe, nijue.

Kuna ombi moja dogo. Akitokea msafiri, niletee chupa ya yale mafuta ya nazi unayoyapika na mawaridi. Ya dukani Rukia hayataki. Anasema hayana harufu ya mama.

Kaburini nakwenda kila Ijumaa. Ule mche wa mrehani ulioutuma umeshika, umefika gotini kwa Rukia.

Nisalimie Hamad, ndugu yake Mize, na mkewe. Msalimie Mjomba Kombo, umwambie ile pembe niliifumua. Na yule shangazi yake Mize aliyekuwa akimtungia kikuba cha maua ya kunukia alipokuwa mwari, mwambie kile kikuba mpaka leo kimo kwenye sanduku, kimekauka lakini hakijapukutika.

Ukimaliza sala, mama, ukinyanyua mikono na kumtaja Mize, na mimi nitaje.

Mwanao,
Faki