Siku Kabula Alipojisemea Mwenyewe

Ifakara, Jumanne. Mvua ya alfajiri imekatika, yamebaki matope na jua la kuumiza macho. Nimechoka, lakini si uchovu mbaya.

Leo Kabula amenikataa. Naandika hivyo mapema ili nisizunguke.

Kabula ni mmoja wa watoto ninaowafuatilia tangu wazaliwe. Ndiyo kazi yangu. Kuna utafiti unaotaka kujua watoto wa bonde hili wanakuaje, wanaugua nini, wanasoma mpaka wapi, na mimi ndiye napita nyumba kwa nyumba kupima na kuuliza. Watoto wananiita Mama Mizani. Kabula nilimpima ana siku mbili, kwao mtaa wa Viwanja Sitini, amefungwa kwenye khanga ya mama yake. Akanikojolea mkononi. Nikampenda palepale, ingawa kwenye mafunzo tuliambiwa tusiwe na mtoto wa kumpenda kuliko wengine.

Mimi ninaye, na ni huyo.

Wiki iliyopita ametimiza miaka kumi na minane. Siku zote mama yake ndiye alikuwa anaweka sahihi. Sasa lazima Kabula mwenyewe asome fomu ya ridhaa na aamue kama anaendelea. Nilienda nikiwa sina wasiwasi wowote. Hata kalamu nilishaitoa.

Nilimkuta barazani na mama yake wanachambua mchele. Akaniamkia vizuri kama kawaida, akachukua fomu, akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Sijawahi kuona mtu akiisoma yote mbele yangu. Kisha akanirudishia.

"Mama Mizani, naomba mimi niishie hapa."

Mama yake akaacha ungo. "Wewe! Mtu amekubeba tangu mchanga, leo unamwambia nini?"

Hapa ndipo ninapoona aibu. Nilibembeleza, kitu ambacho kazi yetu inakikataza kabisa. Nikamwambia wenzake wengi wamehama, wengine wako Mlimba, wengine hata hatujui waliko, kwamba maswali yenyewe ni machache. Nikafika mpaka kusema, "Basi kwa ajili yangu."

Kabula akamwomba mama yake atupishe. Mama Kabula akaenda jikoni akilalamika kwa Kisukuma.

"Unakumbuka nilipokuwa na miaka kumi na mbili?" Kabula akaniuliza. "Uliniuliza kama nimeanza kuona siku zangu. Kaka zangu walikuwa wamekaa pale, wanakula miwa. Nikakujibu bado. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeshaanza, na hata mama nilikuwa sijamwambia. Walinicheka mwezi mzima kwa kuulizwa tu. Tangu hapo ukija huwa najificha kwanza, ndiyo natoka."

Nilikumbuka. Wingu lilikuwa limefunga, na nilikuwa na nyumba kadhaa mbele. Swali lile huulizwa faragha. Nilijua hivyo siku ile kama ninavyojua leo.

Nilikuwa na haraka.

Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Akaokota punje za mpunga kwenye mchele. "Nilishakusamehe zamani," akasema. "Ila maswali yamenichosha. Na mimi nataka niwe na mambo yangu ambayo hayajaandikwa popote."

Nikaingiza kwenye tableti: amejitoa. Nilidhani itaniuma zaidi. Badala yake nilimwangalia, mabega yameshuka, anapumua kama mtu aliyetua ndoo ya maji, nikasikia fahari ambayo sina haki nayo, kwa sababu si mimi niliyemlea. Mtoto niliyekuwa namshika kichwa kisiyumbe kwenye ubao wa kupimia urefu, leo ameniambia hapana huku ananitazama usoni, wala hajanivunjia heshima.

Kabula si jina lake halisi. Nilimwuliza kama naweza kuandika haya kwenye blogu yangu. Akacheka. "Kosa ni lako, liandike. Ila mimi unibadilishe jina."

Kesho asubuhi nitamweleza msimamizi wangu nilivyouliza siku ile, na nilivyobembeleza leo. Sijui atasema nini. Najua tu kwamba wadadisi wapya wa kupita nyumba kwa nyumba wanaanza mafunzo karibuni, na ningependa kosa hili walisikie kutoka kwangu kuliko walijifunzie kwenye uso wa mtoto wa mtu.

Mama Kabula hakuaga vizuri, bado alikuwa amekasirika kwa niaba yangu. Kabula ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Bodaboda ilipofika akanishika mkono.

"Jumapili tunapika kuku. Njoo ule na sisi. Usije na tableti, usije na mizani. Njoo tu."

Nikasema nitakuja, nikapanda haraka asinione macho.

Miaka kumi na minane nimeingia nyumba ile nikiwa na orodha ya maswali. Jumapili nitakaa kama mgeni yeyote. Najiuliza tutaongea nini.

Labda safari hii yeye ndiye aniulize.